Kilo ngapi za nyama zitatoka? Namna ya kupima mzoga wa farasi na mifugo mingine

Anayenunua mnyama akiwa hai analipia vitu vingi ambavyo haviendi buchani: damu, ngozi, kwato, kichwa, na zaidi ya vyote majani na maji yaliyojaa tumboni. Anachotaka kujua ni kilo ngapi zitabaki zikining'inia kwenye ndoano. Kipimo cha jambo hilo ni asilimia ya mzoga: chukua uzito wa mzoga, gawanya kwa uzito hai wa mnyama, zidisha kwa 100. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Tabu iko kwenye zile namba mbili, kwa sababu kila moja inaweza kupimwa kwa njia tofauti, na mnyama yule yule akatoa majibu manne yasiyofanana.

Farasi nimemfanya mfano mkuu kwa makusudi, maana ni rahisi sana kumkadiria vibaya. Ana ukubwa wa ng'ombe lakini hacheui, na kwa kuwa hacheui mtu anaweza kudhani atatoa nyama nyingi kama nguruwe. Ukweli uko katikati, na sababu zake zinafundisha mengi kuhusu wanyama wengine pia.

1. Kubalianeni kwanza mnaita nini mzoga

Kwa lugha ya machinjioni, mzoga ni mwili uliobaki baada ya kutoa damu, ngozi, kichwa, miguu kuanzia kwenye kiungo cha goti la mbele na kiungo cha nyuma kinacholingana nalo, na viungo vyote vya kifuani na tumboni. Hapo ndipo panapoanza ubishi. Figo na mafuta yanayozizunguka hubaki ndani ya mzoga kwingine, na kwingine hutolewa kabla ya kupima. Mkia nao vivyo hivyo. Kondoo mwenye mkia wa mafuta akipimwa na mkia wake, asilimia inapanda bila nyama kuongezeka hata kidogo. Nguruwe mara nyingi hupimwa akiwa na ngozi yake, na hata kichwa chake, jambo ambalo ng'ombe na farasi hawafanyiwi. Ndiyo maana ukilinganisha asilimia ya nguruwe na ya ng'ombe bila kusema hayo, unalinganisha vitu viwili visivyo sawa.

Andika kwenye karatasi kabla ya kuchinja: kichwa kimo au hakimo, ngozi imo au haimo, figo zimo au hazimo, mkia umo au haumo. Dakika moja ya kuandika inaokoa ugomvi wa siku nzima kati ya muuzaji na mnunuzi.

2. Kwa farasi, uliza historia yake kabla hujauliza uzito

Hatua hii siiruki hata siku moja, na ninaomba nawe usiiruke. Farasi wengi hawafugwi kwa ajili ya nyama. Ni wa kupanda, wa mashindano au wa kazi, na katika maisha yao hutibiwa kwa dawa ambazo hazikukusudiwa mnyama wa kuliwa. Inayotajwa zaidi ni fenilibutazoni, dawa ya maumivu na uvimbe inayotumika sana kwa farasi. Kwa binadamu dawa hiyo inaweza, japo kwa nadra, kuharibu uboho unaotengeneza chembe za damu. Katika Umoja wa Ulaya farasi aliyewahi kupewa dawa hiyo haruhusiwi tena kuingia katika chakula cha binadamu, na kila farasi hutakiwa kuwa na pasipoti inayoonyesha matibabu yake. Mwaka 2013, nyama ya farasi ilipogundulika katika vyakula vilivyouzwa Ulaya kama nyama ya ng'ombe, hofu haikuwa ya udanganyifu peke yake. Ilikuwa pia kwamba hakuna aliyejua farasi wale walikuwa wametibiwa kwa nini.

Kwa hiyo: kama nchi uliyomo hairuhusu kuchinja farasi, mwongozo huu kwako ni wa kujifunza tu. Kama inaruhusu, taka rekodi za matibabu, na mnyama akaguliwe na daktari wa mifugo akiwa hai kisha mzoga ukaguliwe tena. Asiye na rekodi asichinjwe kwa chakula.

Kuna pia mnyoo uitwao trikinela. Wengi huuhusisha na nguruwe, lakini tangu 1975 kumekuwa na milipuko ya ugonjwa wake Ufaransa na Italia iliyotokana na nyama ya farasi. Machinjio makini huchukua vipande vya misuli na kuvipima. Ya farasi ipikwe mpaka katikati ifikie nyuzi joto 71.

3. Mfungishe mnyama, na uandike saa

Ng'ombe aliyetoka malishoni hubeba tumboni mzigo unaoweza kufika asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Ukimpima akiwa ameshiba, unapima malisho. Desturi ya kazi hii ni kumnyima chakula saa 12 hadi 24 kabla ya kuchinja huku maji yakiwa mbele yake muda wote. Maji asinyimwe: mnyama aliyekauka huchunika kwa shida na nyama yake hupungua uzito.

Tazama fahali mmoja. Alifika machinjioni na kilo 420. Baada ya kufungishwa usiku kucha alikuwa na kilo 400. Mzoga wake, ukiwa bado na joto, ulikuwa kilo 212. Kesho yake, baada ya kupoa, kilo 207. Sasa hesabu:

212 kwa 400 ni asilimia 53.
212 kwa 420 ni asilimia 50.5.
207 kwa 400 ni asilimia 51.8.
207 kwa 420 ni asilimia 49.3.

Fahali ni mmoja na nyama ni ile ile, lakini kati ya jibu la juu na la chini pana karibu pointi nne. Mtu akikwambia tu "wangu walitoa 53", muulize: kwa uzito upi, wa mzoga upi?

Farasi ana namna yake. Tumbo lake ni dogo, lita 8 hadi 15 hivi, na humaliza kazi yake ndani ya saa chache. Lakini uchachushaji wa majani unafanyika nyuma, katika utumbo mpana na ule mfuko mkubwa unaoutangulia, na humo chakula hukaa siku nzima au zaidi. Kwa hiyo kumfungisha usiku mmoja hakumpunguzii uzito kama unavyotegemea. Na hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini hamfikii nguruwe, ingawa wote wawili hawacheui: nguruwe hana pipa hilo la nyuma lenye ukubwa kama huo.

Msimfungishe kwa kumtesa. Mnyama aliyekimbizwa, aliyepigwa au aliyesafirishwa kwa kubanwa humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Sukari hiyo ndiyo inayogeuka asidi baada ya kuchinja na kuishusha pH ya nyama (kipimo cha asidi: asidi ikizidi, namba hushuka) hadi 5.4 au 5.7. Ikikosekana, pH hubaki juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi, ngumu, kavu juu, na inaoza mapema. Utakuwa na asilimia nzuri ya mzoga usiouzika.

4. Pata uzito hai

Mzani wa kusimamia mnyama ni bora kuliko kitu chochote. Uuanze kwenye sifuri, hakikisha haugusi ukuta, na subiri mnyama atulie. Pima mara mbili.

Usipokuwa na mzani, tumia utepe wa fundi cherehani ulio mrefu wa kutosha. Unahitaji vipimo viwili kwa sentimita. Cha kwanza ni mzunguko wa kifua: utepe upite nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele na juu mara tu nyuma ya bega, mnyama akiwa amesimama sawa, kichwa hakijainama, na usome anapotoa pumzi. Cha pili ni urefu wa mwili: kutoka ncha ya bega kwa mbele hadi ncha ya mfupa wa kalio.

Kwa farasi: mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,877. Jibu ni kilo.
Kwa ng'ombe: hesabu hiyo hiyo, ila gawanya kwa 10,838.

Farasi mwenye mzunguko wa 180 na urefu wa 160: 180 × 180 × 160 ni 5,184,000. Gawanya kwa 11,877, unapata karibu kilo 436. Sasa ona uzito wa kosa dogo. Utepe ukilegea ukasoma 184 badala ya 180, jibu linakuwa kilo 456. Sentimita nne zimekuongezea kilo 20 ambazo hazipo. Kwa sababu mzunguko unazidishwa kwa wenyewe, ndio wa kupima mara tatu, kila mara ukiuondoa utepe na kuuvuta upya. Urefu unaweza kuvumilia kosa kidogo, mzunguko hauvumilii.

Hesabu hii ni ya mnyama mzima aliyekomaa. Ndama, mtoto wa farasi na jike lenye mimba kubwa litakudanganya.

5. Kadiria kabla kisu hakijashikwa

Viwango hivi ni vya kuanzia, si vya kuapa navyo:

Farasi: asilimia 55 hadi 60 akiwa na mwili mzuri. Mzee aliyekonda huweza kushuka hadi 50 na chini yake.
Ng'ombe: 45 hadi 50 kwa ng'ombe wa maziwa aliyechoka, 48 hadi 54 kwa wa malisho, 58 hadi 63 kwa maksai wa nyama aliyenoneshwa kwa nafaka.
Kondoo: 45 hadi 52. Mbuzi: 42 hadi 50.
Ngamia: 50 hadi 55, nundu ikiwemo.
Nguruwe: 70 hadi 78, akiwa na ngozi.
Sungura: 50 hadi 58. Kuku: 70 na zaidi kidogo.

Ili ujue mnyama wako aangukie wapi ndani ya kiwango chake, tumia mkono kuliko jicho. Kwa farasi, weka kiganja ubavuni na usukume taratibu. Mbavu zikionekana kwa macho tu, kaa upande wa chini. Kama huzioni lakini vidole vinazihisi bila kubonyeza sana, kaa katikati. Kama inabidi ubonyeze kuzitafuta, na juu ya shingo pana mafuta yanayotikisika, nenda juu. Manyoya marefu ya majira ya baridi huficha farasi aliyekonda kabisa, ndiyo maana macho hayatoshi.

Unono hupandisha asilimia kwa sababu mafuta mengi hukaa juu ya mzoga, wakati matumbo hayakui kwa kasi hiyo. Kwa hiyo asilimia kubwa si lazima iwe nyama nyingi. Mnyama mwenye 60 aliyevimba mafuta anaweza kukupa nyama nyekundu kidogo kuliko mwenye 56 aliyekaza misuli. Wanunuzi wengi hawalitazami hili, nami naona ndilo linalowagharimu zaidi.

Vitu vinavyoshusha: mimba (ng'ombe aliyekaribia kuzaa hubeba kilo 60 au zaidi za ndama, maji na kondo la nyuma), manyoya ya kondoo yaliyolowa mvua, matope yaliyoganda tumboni na miguuni, ngozi nene na pembe nzito za fahali.

Farasi wetu wa kilo 436, akiwa na mwili wa wastani, tumkadirie kati ya 55 na 60. Hiyo ni kilo 240 hadi 262 za mzoga. Mnunuzi mwenye busara hufanya mpango wake kwa 240.

6. Siku ya kuchinja, pima kila kinachotoka

Mchinjaji awe mwenye leseni na ujuzi. Kazi yako hapa ni mzani na kalamu.

Mwili wa mnyama una damu kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, na akichinjwa vizuri karibu nusu yake hutoka. Isipotoka vya kutosha, mzoga utakuwa mzito kidogo, lakini nyama itaharibika haraka, kwa hiyo faida hiyo si faida. Mwache atoke damu mpaka ianze kudondoka tone tone.

Anayezoea ng'ombe atakutana na mambo mawili kwa farasi. Ini la farasi halina kifuko cha nyongo, hivyo ile hofu ya kupasua nyongo na kuchafua nyama haipo. Na mbavu zake ni jozi 18, wakati ng'ombe, kondoo na mbuzi wana 13. Kifua chake ni kirefu, na anayeugawa mzoga robo robo kwa kuhesabu mbavu za ng'ombe atakata mahali pasipo pake. Hesabu hiyo ya mbavu ni njia nzuri pia ya kumtambua farasi pale mzoga unapoletwa ukiwa hauna kichwa wala kwato.

Sasa jumlisha. Yule fahali wa kilo 400: mzoga 212, ngozi 30, kichwa 18, miguu 9, damu 14, ini na moyo na mapafu na bandama 13, tumbo na matumbo yaliyosafishwa 24, mafuta ya tumboni 8, na vilivyokuwa ndani ya tumbo 64. Jumla ni 392. Kilo 8 zimekwenda na mkojo, unyevu na damu iliyomwagika sakafuni. Hilo ni pengo la asilimia 2, linakubalika. Pengo likifika kilo 25, ama mzani ni mbovu ama kuna kitu kimetoka mlangoni, na ni vizuri ukajua siku hiyo hiyo.

7. Pima mzoga ukiwa moto, kisha ukiwa baridi

Upime ndani ya saa moja baada ya kuchinja, kabla ya kuoshwa. Kama umeshaoshwa, acha maji yachuruzike kwanza, maana maji ya bomba nayo yana uzito. Toa uzito wa ndoano.

Kisha uingie kwenye baridi. Katika saa 24 za kwanza mzoga hupoteza asilimia 2 hadi 3 kwa kukauka. Mbuzi na kondoo, kwa udogo wao na uchache wa mafuta ya juu, hupoteza kwa urahisi zaidi. Usiharakishe baridi kupita kiasi: nyama ikishuka chini ya nyuzi 10 kabla ya saa 10 kupita, misuli hujikunja na nyama huwa ngumu hata uipike vipi. Baada ya hapo endelea kuishusha hadi nyuzi 7 au chini yake katikati ya paja.

8. Toa mfupa, ndipo ujue ulichonunua

Mzoga bado si nyama ya kupikwa. Ng'ombe mwenye mwili wa wastani hutoa nyama isiyo na mfupa kiasi cha asilimia 65 hadi 75 ya mzoga. Mbuzi mdogo hutoa pungufu, mifupa ni mingi kwa mwili wake. Farasi aliye vizuri hukaribia 70, kwa sababu mapaja na mgongo wake ni misuli mitupu na mafuta ya kupunguza ni machache.

Kwa mzoga wa kilo 240, tarajia basi karibu kilo 168 za nyama. Kutoka kilo 436 hai, hiyo ni chini kidogo ya asilimia 39. Namba hii ya mwisho ndiyo ningependa kila mnunuzi aijue kabla hajatoa fedha.

Nyama ya farasi ina rangi nyekundu iliyokolea, na ikikaa hewani huzidi kuwa nyeusi. Hiyo haimaanishi imeharibika, tumia pua na mkono kuhakikisha. Ina utamu wa sukari kidogo, kwa kuwa misuli ya farasi huhifadhi sukari nyingi kuliko ya ng'ombe. Gramu 100 mbichi zina protini gramu 21 hivi, mafuta gramu 4 hadi 5, na chuma karibu miligramu 4. Mafuta yake ni ya manjano na laini, huyeyuka haraka mkononi, na kwa kuwa laini hivyo huchacha mapema kuliko ya ng'ombe. Yaondoe siku ya kukata, funga nyama isipate hewa, na usiyasage pamoja na nyama unayotaka kuiweka kwenye friza kwa muda mrefu.

9. Geuza asilimia kuwa bei

Ukitaka kujua kama bei ya kilo hai inakufaa, igawanye kwa asilimia ya mzoga. Kwa asilimia 55, gawanya kwa 0.55: hiyo ndiyo bei unayolipia kila kilo ya mzoga. Igawanye tena kwa 0.70 upate bei ya kilo ya nyama isiyo na mfupa. Ongeza gharama za usafiri, machinjio na ukaguzi, kisha punguza utakachopata kwa ngozi, ini na mengineyo.

Kwa kila mnyama andika aina, jinsia, umri, saa alizofungishwa, uzito kabla na baada, mzoga moto, mzoga baridi, nyama bila mfupa, na zile alama za kichwa, ngozi, figo na mkia ulizokubaliana mwanzoni. Ukishajaza kurasa chache za mifugo ya aina moja kutoka malisho yale yale, viwango vya hatua ya tano viweke kando utumie vya kwako.